Shajara ya ICU: Dawa ya Kiwewe au Haki ya Mgonjwa?

Mgonjwa akitoka ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, akiwa hai, familia humshukuru Mungu na hospitali humhesabu miongoni mwa waliopona. Kwa upande wa mapafu, figo na moyo, hesabu hiyo mara nyingi ni sahihi. Lakini wengi hurudi nyumbani na pengo. Wiki mbili au tatu za maisha yao hawana habari nazo, na mahali pa siku hizo pamejaa mambo ya kutisha ambayo hayakutokea. Mmoja ana hakika kwamba wauguzi walipanga kumuua. Mwingine anasimulia alivyotekwa na kupelekwa mahali asipopajua. Wa tatu hasemi kitu, kwa sababu anaogopa kuambiwa amerukwa na akili.

Kwa zaidi ya miaka 30 wauguzi wa Ulaya ya Kaskazini wamekuwa wakilikabili tatizo hili kwa kifaa cha bei ndogo: daftari linalowekwa kando ya kitanda. Humo muuguzi na ndugu huandika, kwa lugha ya kila siku, yanayompata mgonjwa wakati yeye mwenyewe hajitambui. Akipata nafuu, hukabidhiwa. Desturi hiyo imeenea hadi Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Marekani na Australia, na imekuja na swali zito: je, shajara hii huiponya akili?

Nalijibu swali hilo mapema ili msomaji aupime ushahidi akiwa na msimamo wa kuupima. Kama kinga ya maradhi ya kiwewe, shajara bado haijathibitika, na hospitali isiinadi kwa sifa hiyo. Kama njia ya kumrudishia mtu habari za maisha yake mwenyewe, ina thamani ambayo haitegemei alama za dodoso, na inastahili kuwepo hata katika hospitali zetu zenye vitanda vichache.

Mtu kando ya kitanda

Ili kuelewa kilichopotea, turudi Copenhagen mwaka 1952. Polio iliukumba mji huo kwa nguvu kubwa, na hospitali ya Blegdam ilijaa watoto na vijana waliopooza misuli ya kupumua. Katika wiki za mwanzo wagonjwa 31 walitibiwa kwa mashine za wakati huo, na 27 kati yao walifariki. Bjørn Ibsen, daktari wa usingizi, alishauri njia nyingine: kutoboa tundu kwenye koo, kupitisha mrija hadi kwenye bomba la hewa, kisha kusukuma hewa mapafuni kwa kuuminya mfuko kwa mkono. Tarehe 27 Agosti alimjaribia msichana wa miaka 12 aliyekuwa akielekea kufa, na msichana yule akaishi.

Mashine za kuifanya kazi hiyo kwa wagonjwa wote hazikuwepo, hivyo wakaitwa wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500, wakaminya mifuko kwa zamu usiku na mchana. Vifo vikapungua sana. Mwaka uliofuata Ibsen alianzisha katika mji huohuo wodi ambayo wengi huihesabu kuwa ICU ya kwanza duniani.

Katika mwanzo huo liko jambo moja ambalo historia ya vifaa hulipita haraka. Kila mgonjwa wa Blegdam alikuwa na mtu aliyekaa naye saa baada ya saa, anayeuona uso wake na kujua usiku wake umepitaje. Baadaye mashine ilichukua kazi ya mkono. Kufikia miaka ya 1980 na 1990 ilikuwa kawaida mgonjwa anayepumua kwa mashine alazwe kwa dawa nzito za usingizi kwa siku nyingi. Jambo hilo lilifanywa kwa huruma, ili mtu asiteseke na mrija ulio kooni. Ila tangu hapo mgonjwa alipitia siku ngumu kuliko zote za maisha yake bila kuzishuhudia mwenyewe, na waliozishuhudia walibadilishana zamu na kwenda zao.

Kwa miongo kadhaa kipimo kilibaki kilekile cha 1952: ameishi au amekufa? Waliorudi kliniki wakilalamika kwamba hawalali, wanashtuka kila wanaposikia mlio wa kengele, au hawawezi kuzihesabu fedha zao wenyewe, waliambiwa wamshukuru Mungu kwa uhai. Mwaka 2010 ndipo wataalamu waliokutana Marekani walipokubaliana kuyapa matatizo hayo jina moja la kitabibu, likijumuisha udhaifu wa mwili, upungufu wa uwezo wa kufikiri, na maumivu ya nafsi yanayofuata baada ya ICU. Mwaka 2013 utafiti ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Nashville, ukatoa picha yenye takwimu. Kati ya wagonjwa 821 waliofuatiliwa, asilimia 74 waliwahi kuweweseka wakiwa hospitalini. Miezi 3 baadaye, wanne kati ya kila kumi wa waliopimwa walikuwa na uwezo wa kufikiri unaofanana na wa mtu aliyeumia ubongo kwa kiwango cha kati, na takriban robo walifanana na wagonjwa wa hatua za mwanzo za Alzheimer. Tafiti nyingine zikijumlishwa zinaonyesha kwamba mwaka mmoja baada ya kutoka ICU, karibu mtu mmoja kati ya watano bado ana dalili za kiwewe.

Njozi zinazokataa kufutika

Kwa nini mtu asiyekumbuka kitu ateswe na kumbukumbu? Jibu liko katika namna ubongo unavyofanya kazi chini ya homa kali, maambukizi, ukosefu wa hewa, dawa za usingizi na kukosa usingizi wa kweli. Mgonjwa hazimi moja kwa moja. Huelea kati ya kulala na kuamka. Masikio yanasikia, ngozi inahisi, macho hufumbuka na kufumba, lakini sehemu ya akili inayopanga matukio kwa mfuatano haifanyi kazi yake. Vipande vinavyoingia huunganishwa na hofu, na hofu hutunga kisa chake.

Ndiyo maana njozi za ICU katika nchi mbalimbali zina sura zinazofanana. Mikono iliyofungwa ili mgonjwa asing'oe mirija huwa kamba za watekaji. Mpira wa mkojo hukumbukwa kama shambulio la aibu. Sindano ya saa nane usiku huwa sumu, na wauguzi wanaonong'ona karibu na kitanda huwa genge linalopanga njama. Mtu akiamka kutoka ndoto ya kawaida, ndoto huyeyuka kabla ya kifungua kinywa. Njozi hizi haziyeyuki. Miezi mingi baadaye bado zina rangi, sauti na harufu, na mwenye nazo huzihisi kama tukio la jana.

Katika hospitali ya Whiston, karibu na Liverpool, mtafiti Christina Jones na wenzake walilichunguza jambo hili kwa makini. Mwaka 2001 walichapisha matokeo yaliyogeuza fikra za wengi. Walioteseka zaidi hawakuwa wale waliokumbuka maumivu ya kweli. Walikuwa wale waliobaki na njozi peke yake, bila tukio lolote la kweli la kuzisawazisha. Kumbukumbu ya kweli, hata iwe chungu, ilionekana kuwa kinga. Mtu anayekumbuka kwamba alivutwa makohozi kwa mrija na ikamuuma sana ana kisa chenye mwanzo, sababu na mwisho. Anayekumbuka tu kwamba kuna mtu alikuwa akimkaba koo hana cha kukishika.

Hapo ndipo daftari linapopata hoja yake ya kisayansi. Ikiwa ukweli mchungu una heri kuliko pengo lililojaa njozi, basi pawe na mtu wa kuuandika ukweli huo wakati mgonjwa hawezi, aje aupate atakapouhitaji.

Jinsi inavyoandikwa

Wauguzi walianza kabla ya watafiti. Katika Skandinavia, kati ya miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990, waliona wagonjwa wao wakirudi kuuliza maswali yaleyale: nililala siku ngapi, nani alikuja, kwa nini nina kovu hili? Katika mji wa Norrköping, Sweden, muuguzi Carl Bäckman na wenzake walikuwa wakiandika shajara zenye picha tangu mwaka 1991. Maelezo ya kazi yao yalichapishwa mwaka 2001 na kusomwa na wauguzi wa nchi nyingi.

Taratibu hutofautiana, lakini kiini ni kimoja. Ukurasa wa kwanza unaeleza kwa ufupi mgonjwa alifikaje na kwa nini. Kisha kila siku, au kila panapotokea badiliko, huandikwa aya fupi yenye tarehe na jina la mwandishi. Maneno humwelekea mgonjwa mwenyewe, si daktari mwenzake. Majina magumu ya maradhi na vipimo vya damu hubaki kwenye faili. Shajara husema mambo ambayo faili haiyajali: mvua iliyonyesha, mjukuu aliyefaulu mtihani, timu iliyoshinda, siku mgonjwa alipominya mkono wa mwanawe kwa mara ya kwanza.

Kama muuguzi wa kwetu angeiandika, ingesomeka hivi: “Shikamoo mama. Leo ni Jumanne. Mashine bado inakusaidia kupumua, kwa hiyo huwezi kuzungumza. Asubuhi ulijaribu kuuvuta mrija, ikabidi tuifunge mikono yako kwa kitambaa laini kwa saa chache. Tulikueleza, lakini nadhani hukutusikia. Binti yako alikuja saa kumi, akakupaka mafuta miguuni na kukusomea dua. Homa imeshuka kidogo.”

Aya kama hiyo inabeba mengi. Inamweleza mama kwamba alifungwa, ni nani aliyemfunga, na kwa sababu gani. Ikiwa miezi mitatu baadaye anaota kamba na watekaji, anacho cha kukiweka kando ya ndoto hiyo. Inampa pia kitu ambacho hakuna kipimo cha maabara kinachokitoa: habari kwamba siku ile ambayo kwake haipo, palikuwa na mtu aliyemwamkia kwa heshima yake.

Kukabidhi nako ni kazi. Penye utaratibu mzuri, muuguzi hukaa na mgonjwa wiki kadhaa baada ya kutoka ICU, humwonyesha shajara, husoma naye kurasa za mwanzo na kujibu maswali. Mgonjwa ndiye anayeamua lini aisome na kiasi gani. Wapo wanaoisoma usiku mmoja mpaka mwisho. Wapo wanaoiweka kabatini mwaka mzima, na wapo wasioifungua kamwe.

Ushahidi unasema nini

Jaribio lililoipa shajara heshima duniani lilichapishwa mwaka 2010, nalo pia liliongozwa na Jones. Lilihusisha hospitali 12 katika nchi 6 za Ulaya na wagonjwa 352. Kwa kura, nusu walipewa shajara zao mwezi mmoja baada ya ICU, na nusu wakasubiri hadi vipimo vya mwezi wa tatu vikamilike. Katika kundi lililopewa mapema, waliopata maradhi mapya ya kiwewe walikuwa asilimia 5, na katika kundi lililosubiri walikuwa asilimia 13. Walionufaika zaidi ni wale ambao tangu mwanzo walikuwa na dalili nyingi.

Matumaini yakapanda, na wodi nyingi zikaanza kununua madaftari. Lakini mwaka 2014 wachambuzi wa Cochrane, wanaopima ushahidi wa tiba kwa masharti makali, waliona kwamba tafiti zilizokidhi vigezo vyao ni chache mno kuweza kusema shajara inasaidia au inadhuru. Kisha mwaka 2019 likaja jaribio kubwa la Ufaransa, likiongozwa na Maïté Garrouste-Orgeas: ICU 35, wagonjwa 657. Miezi 3 baada ya kutoka, dalili nzito za kiwewe zilionekana kwa asilimia 29.9 ya waliokuwa na shajara na asilimia 34.3 ya wasiokuwa nayo. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi cha kuweza kuwa ya bahati tu. Jaribio halikuthibitisha faida.

Mtetezi wa shajara anaweza kujibu kwamba ni wagonjwa 339 tu waliofikia tathmini ya mwisho, karibu nusu ya walioanza, kwa sababu wengi walifariki au hawakupatikana. Anaweza kuongeza kwamba Wafaransa walipima dalili kwa dodoso, wakati jaribio la 2010 lilitafuta maradhi yaliyothibitishwa, na kwamba kipindi cha miezi 3 ni kifupi kwa mtu ambaye huenda bado hajaifungua shajara yake. Hoja hizi zina uzito. Hata hivyo hazitoshi kuyafuta matokeo. Utafiti mkubwa uliofanywa kwa uangalifu ukisema hatuoni tofauti, anayejali wagonjwa hana budi kusikiliza.

Mwaka huohuo wa 2019 jaribio jingine lilitoka Uingereza. Lilihusisha ICU 24, na katika nusu yake wauguzi walifundishwa kuwapa wagonjwa msaada wa kisaikolojia wangali hospitalini: mazingira tulivu, mazungumzo ya kupunguza hofu, mbinu za kutuliza akili. Wagonjwa walioshiriki walikuwa zaidi ya 1,400. Baada ya miezi 6 dalili za kiwewe hazikupungua kuliko kwa wale waliopata huduma ya kawaida. Majaribio haya mawili kwa pamoja yanafundisha unyenyekevu. Kiwewe cha ICU kina mizizi mingi: ubongo uliovimba, dawa, madeni, kazi iliyopotea, maradhi ya akili yaliyokuwepo kabla ya kulazwa. Jambo moja jema linalofanywa mara moja halina nguvu ya kung'oa mizizi yote.

Kosa langu na lako lingekuwa kuhitimisha kwamba basi shajara haina maana. Dodoso la kiwewe linauliza: unaota ndoto mbaya mara ngapi, unashtuka mara ngapi? Haliulizi: je, unajua kilichokupata? Je, umeacha kuwaogopa wauguzi? Je, wewe na mkeo mnaweza sasa kuuzungumzia mwezi ule? Tafiti za mahojiano, nyingi zikiwa za watafiti wa Skandinavia kama Ingrid Egerod wa Denmark, zimekuwa zikileta jibu la namna moja: wagonjwa hutumia shajara kuunda upya mfululizo wa matukio, kuelewa kwa nini kupona kunachukua muda mrefu, na kutambua kwamba hawakuachwa peke yao. Hayo ni mahitaji halali hata kama hayashushi alama za kiwewe. Hatudai kwamba kumwambia mgonjwa jina la ugonjwa wake kumpunguzie homa ndipo tumwambie. Tunamwambia kwa sababu mwili ni wake. Na siku zake ni zake vilevile.

Aliyelala na aliyekesha

Ndani ya ICU kuna mgonjwa wa pili ambaye hana kitanda. Mwaka 2005 utafiti uliofanyika katika ICU 21 za Ufaransa uliwapima ndugu wa wagonjwa siku 90 baada ya mgonjwa kutoka au kufariki. Theluthi moja walikuwa na dalili za kiwewe. Hali ya ndugu ni kinyume cha hali ya mgonjwa: huyu hakumbuki kitu, yule hawezi kusahau chochote. Wakirudi nyumbani, mmoja anataka kuuliza na mwingine hataki kusikia tena. Ndoa nyingi na udugu mwingi hukwama hapo.

Shajara inaweza kuwa daraja kati yao, na inampa ndugu kazi ya mikono wakati ambapo hana la kufanya ila kusubiri. Tafiti ndogo zimeonyesha nafuu kwa ndugu walioandika. Lakini nia njema peke yake haitoshi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliofanyika katika ICU 22 za Ufaransa, ulijaribu kuwapelekea wafiwa barua ya rambirambi kutoka kwa daktari na muuguzi. Miezi 6 baadaye, waliopokea barua walikuwa na dalili nyingi zaidi za sonona na kiwewe kuliko ambao hawakupokea. Maandishi yanayofika nyumbani bila mtu wa kuyasindikiza yanaweza kufukua kidonda. Shajara ya aliyefariki kwa hiyo isitumwe kama kifurushi. Ikabidhiwe mkononi, na mtu aliyeijua safari ile, kwa familia iliyosema inaihitaji.

Zipo hatari nyingine za kuzitazama bila kupepesa. Picha ya mtu aliyevimba uso, akiwa na mirija mdomoni, ni siri yake kabla ya kuwa ya familia. Itunzwe na hospitali mpaka aikubali mwenyewe. Magonjwa ambayo mgonjwa hakuwaambia nduguze yasiingie katika daftari wanalolisoma wote. Hospitali iamue mapema daftari ni mali ya nani na litahifadhiwa wapi, na wanasheria wake waliseme wazi. Muuguzi asilitumie kujitetea, wala ndugu asilitumie kumshitaki shemeji. Na mgonjwa asiachiwe alisome peke yake usiku wa kwanza nyumbani bila namba ya simu ya mtu wa kumuuliza.

Kwetu, penye vitanda vichache

Afrika Mashariki ina sababu ya kulitazama jambo hili kwa macho yake yenyewe. Mwaka 2025 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika katika nchi 22 za Afrika, ukihusisha wagonjwa karibu 20,000 waliolazwa. Mmoja kati ya kila wanane alikuwa mahututi, na karibu saba kati ya kila kumi wa mahututi hao walikuwa katika wodi za kawaida, si ICU. Kwa hiyo tukiifunga shajara ndani ya milango ya ICU, tutawaacha nje wengi wanaoihitaji. Mtu anayeweweseka kwa malaria kali au kwa maambukizi ya damu katika wodi ya wilaya hupotewa na siku zake kama anayelala kando ya mashine katika hospitali ya rufaa.

Muuguzi anayehudumia wodi iliyojaa hana nafasi ya kuandika aya kwa kila mgonjwa, na hakuna haja ya kumdai asichoweza. Lakini kwetu ndugu ndiye anayeleta uji, anayebadilisha shuka, anayekwenda kutafuta dawa na anayelala kwenye benchi nje. Yeye yupo. Akipewa daftari na maelekezo ya dakika tano, anaweza kubeba sehemu kubwa ya kazi, na muuguzi akaongeza mistari mitatu siku ya operesheni, siku ya kutoa mrija na siku ya kuhamishwa wodi.

Tena familia nyingi tayari zinaandika bila kuliita jambo hilo shajara. Mtu akilazwa, siku hiyohiyo hufunguliwa kundi la WhatsApp. Kila jioni huwekwa taarifa: daktari amesema nini, amekula au hajala, damu imepatikana au bado. Zina tarehe, zina majina, zina picha. Ni kumbukumbu yenye utajiri mkubwa, lakini haikuandikwa kwa ajili ya mgonjwa. Imechanganyika na orodha ya michango, mabishano juu ya bili, na hofu ambazo hakuna aliyetaka azione. Ndugu mmoja mwenye busara anaweza kuketi, kuchambua, na kunakili katika daftari yale yanayomfaa. Kwa asiyejua kusoma, au ambaye macho yamedhoofika, sauti iliyorekodiwa kwenye simu itafanya kazi ileile.

Kuna jambo jingine la kwetu ambalo halina budi kusemwa kwa heshima. Mtu akisimulia kwamba alipokuwa mahututi aliona watu weusi wakimzunguka, au marehemu babu yake akimwita, familia humtafutia maana haraka. Wengine watasema ni majini, wengine watasema ni uchawi wa jirani, na tuhuma hiyo inaweza kuvunja ujirani wa miaka. Shajara haibishani na imani ya mtu. Inachofanya ni kuweka mezani habari nyingine: usiku ule homa ilipanda sana, ulipewa dawa ya usingizi, na waliokuzunguka walikuwa wauguzi wawili wa zamu na daktari mmoja. Kumwambia mgonjwa mapema kwamba kuweweseka ni jambo la kawaida kwa mahututi, na si dalili ya wazimu, ni huduma isiyogharimu hata shilingi.

Mahali pake katika tiba

Shajara isigeuzwe pambo la kuficha mapungufu. Kinga ya kwanza ya akili ni namna mgonjwa anavyotibiwa: dawa za usingizi kwa kiasi kidogo kinachotosha, kuamshwa kila siku inapowezekana, mwanga wa mchana na giza la usiku, miwani yake na sauti za watu wake. Utafiti wa Chicago uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba wagonjwa waliositishiwa dawa za usingizi kila siku walitoka kwenye mashine mapema zaidi, na ufuatiliaji wa 2003 haukuona wakidhurika kisaikolojia kwa sababu hiyo. Huko Odense, Denmark, mwaka 2010, wagonjwa 140 waligawanywa kwa kura, na waliohudumiwa bila kulazwa usingizi wa dawa walikaa siku chache zaidi kwenye mashine. Utaratibu huo ulihitaji wahudumu wa kukaa karibu na wagonjwa. Mtu kando ya kitanda, aliyekuwepo Blegdam mwaka 1952, bado hajapata mbadala.

Baada ya hapo inafuata kliniki ya kuwarudia walionusurika. Mgonjwa aliyetoka ICU aonwe tena baada ya miezi miwili au mitatu, aulizwe kuhusu usingizi, kumbukumbu na hofu kama anavyoulizwa kuhusu kifua. Mwenye dalili nzito apelekwe kwa mtaalamu wa afya ya akili. Asipewe daftari akaambiwa inatosha. Shajara inakaa katikati ya hatua hizi mbili, ikiziunganisha.

Msimamo wangu kwa hiyo ni huu. Watafiti waendelee kupima, na wapime kwa maswali yanayolingana na kile ambacho shajara inaweza kukitoa. Wakuu wa hospitali waiweke katika taratibu zao kama sehemu ya kumpa mgonjwa habari zake, wakiwa na kanuni za siri na mtu wa kuikabidhi. Na wewe unayesoma haya huku ndugu yako amelazwa hajitambui, usisubiri waraka wa wizara. Nunua daftari leo, andika tarehe, mwamkie kwa jina analolipenda, umweleze kilichotokea, nani alikuja, na kwa nini alifungwa mikono. Siku moja atauliza, na atastahili jibu la kweli.